Historia Uliyokariri Niliiandika Mimi

Minza mwanangu,

Asubuhi ya leo ulinipa shikamoo mara mbili, kwa sababu ile ya kwanza sikuiitikia. Ulidhani nina huzuni ya wewe kuondoka kesho. Huzuni ninayo, lakini siyo iliyonifunga mdomo. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo jioni hii ninapoandika, huku wewe umekwenda kuaga kwa bibi yako na baba yako yuko kwenye duara lake, lile shimo la dhahabu, hachimbi, anawatangazia wachimbaji wa Kharumwa nzima kwamba binti yake amechukuliwa na timu ya jeshi kule Shinyanga.

Sitakuandikia habari za kufua soksi wala za kuchemsha maji ya kunywa. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na tumbo. Nakuandikia juu ya zile kurasa walizokutumia kwenye simu, historia ya klabu ya Mkuki, ambayo kila anayejiunga lazima aikariri na kuisema mbele ya gwaride siku ya kwanza. Desturi hiyo ni ya zamani, hawakuianza kwako.

Wiki nzima umekuwa ukiikariri. Ukiosha vyombo, unaisema. Ukichota maji, unaisema. "Klabu ya Mkuki iliasisiwa na maafisa wa kikosi kama timu ya mpira wa miguu, kwa nia ya kujenga afya, nidhamu na umoja." Ukikosea neno unaanza upya. Jumanne nilikuwa kwenye cherehani, nashona sare za shule, ukaisema tena bila kukosea hata herufi, nami nikajichoma sindano. Ukacheka, "Mama, macho yamezeeka." Hayajazeeka, Minza. Sentensi ile naijua kwa sababu niliitunga mimi, nikiwa na umri kama wako, na ni uongo kuanzia neno la kwanza mpaka nukta.

Halafu ukafika pale mwisho, pale walipoongeza wao: "Mwaka huu, kwa mara ya kwanza katika historia yake, klabu imewafungulia milango wanawake." Ukarusha mikono juu jikoni na kijiko chako. "Mama, mimi ni wa kwanza! Wa kwanza kabisa!" Na mimi mama yako, ambaye nilicheza Mkuki miaka minne, nikasema nini? Nikasema, "Hongera mwanangu." Nikarudi kwenye cherehani. Basi ujue tangu mwanzo wa barua hii kwamba anayekuandikia ni mwoga, na mwoga huyo amechoka.

Hujawahi kuniuliza kwa nini sipendi kupita Kambarage, penye lango la kambi ya Mkuki, tukienda mjini Shinyanga, kwa nini nazunguka kwa nyuma kama mtu anayekwepa mkopeshaji. Sasa nitakuambia.

Mkuki haikuasisiwa na maafisa. Iliasisiwa na masajini watatu waliochoka kukaa. Mmoja wao nilimkuta, Sajini Athumani, mtu wa pwani, Mwislamu safi, aliyekuwa akiitunza stoo ya vifaa vya michezo kama vile ni msikiti. Yeye ndiye aliyetusimulia, na alikuwa akisimulia huku akikagua raba zetu moja moja. Walianza na ngumi. Hawakuwa na kifaa hata kimoja, wakachukua gunia, wakalijaza mbegu za pamba kutoka kiwandani, wakalitundika kwenye boriti la ghala, wakawa wanalipiga kila jioni mpaka mbegu zikaanza kumwagika. Ikafuata riadha, kwa sababu kukimbia hakuhitaji kununua kitu. Ya tatu ikawa netiboli. Wake za askari na wasichana wa mitaa ya karibu walikuja kuangalia ngumi, wakasema na sisi je, tumekuja kushika tama tu? Sajini akachimbia nguzo mbili, akapindisha chuma cha ndoo iliyokufa kikawa pete, mchezo ukaanza.

Mpira wa miguu ulikuja wa mwisho. Wa mwisho, Minza! Ulichelewa kwa sababu uwanja ulikuwa vumbi na mawe, mchezaji akianguka anaamka hana ngozi. Na unajua nani alipanda majani yale utakayokanyaga Jumatatu? Netiboli. Lori la kikosi lilitupeleka Songwa, pembeni ya bwawa, tukang'oa ukoka kwa mikono, tukaujaza kwenye magunia, tukarudi nao tumeukalia. Tukaupanda shina kwa shina, tumepiga magoti mstari mmoja, na kila jioni kwa miezi tukaumwagilia kwa ndoo. Wanaume wa mpira walikuwa wanakuja kutuuliza, "Dada zetu, bado tu?" Tukawajibu kwamba majani hayafuati amri.

Klabu ilikuwa na idara nne na kanuni moja. Idara moja ikicheza, tatu zinakuja kusimama penye mstari. Kusimama, siyo kukaa. Sajini alikuwa akisema mwenzako hajakaa, wewe unakaaje? Kwa hiyo mabondia wenye pua zilizovunjika walisimama kututazama tukirusha mpira kwenye pete, nasi tulisimama kuwatazama wakitoana damu, huku tumefumba jicho moja. Sijawahi kuona tena kitu kama kile. Hata kanisani Ushirombo kwa babu yako watu wanatafuta benchi.

Mimi nilikuwa raia. Weka neno hilo moyoni, nitalirudia. Raia, msichana wa fundi baiskeli, sikuwa na namba ya jeshi wala kombati. Lakini nilipenda kambi kupita kiasi. Nilipenda kengele, nilipenda kukakamaa, nilipenda afande akinipita na kusema, "Kuruta, raba hizo!" Nilitembea mitaani nimetoa kifua mbele, wenzangu wananicheka, "Huyo jenerali wa pete." Sikujali.

Rafiki yangu wa klabu alikuwa Kabula. Humjui, na hiyo nayo ni aibu yangu. Kabula alikuwa mfungaji wetu, mrefu, mikono mirefu zaidi, mtu wa maneno machache. Mimi nilicheza senta. Mpira ukitoka kwangu nilikuwa siangalii, nilijua Kabula yupo. Tulikula sahani moja. Nguo yake ya Krismasi nilishona mimi, cherehani ya kwanza niliyoigusa ilikuwa ya mama yake.

Akaja Meja mpya. Sitamtaja jina, amekwisha kufa, na watoto wake hawana kosa. Huyo alikuwa na macho ya mpira wa miguu tu. Timu ilikuwa imepanda daraja, na kulikuwa na matajiri wa dhahabu kutoka upande wa Geita waliotaka kuja kuiona klabu, waiunge mkono kwa fedha. Meja akaniita ofisini. Nikakakamaa.

"Wewe Wande, wanasema una mwandiko mzuri."

"Ndiyo afande."

"Niandikie historia ya klabu. Tutaipiga rangi ukutani, kwenye lango, wageni waisome wakiingia."

Nilifurahi kama mtu aliyevishwa cheo. Nikakaa na Sajini Athumani siku tatu, nikaandika kurasa nne. Gunia la mbegu za pamba liliingia, pete ya ndoo iliingia, ukoka wa Songwa uliingia, na majina yetu saba ya netiboli yaliingia. Nikampelekea. Akasoma amesimama, akachukua kalamu nyekundu, akaanza kukata. Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa anakata kama mtu anayepalilia.

"Ndefu mno. Wageni wanakuja kwa mpira. Hizi habari za ndoo na wanawake kupiga magoti zinatushusha. Andika kwamba maafisa waliasisi timu ya mpira wa miguu. Mistari sita inatosha."

Hapo ndipo ninaporudi kila siku, Minza. Nikipiga pasi narudi pale, nikipika ugali narudi pale. Nilikuwa raia. Hakuna amri yoyote duniani iliyonihusu. Angenifanya nini? Asingeweza kunifunga, asingeweza kunishusha cheo kwa sababu sikuwa nacho. Hakunitisha. Hakuniahidi hata ajira, ingawa kwa miaka nilijidanganya kwamba aliniahidi, ili dhambi yangu ipate bei. Ningesema tu, "Afande, hiyo siyo kweli." Maneno manne. Badala yake nikabana visigino, nikasema kwa sauti ya gwaride, "Ndiyo afande!"

Nikaenda nikaandika mistari sita. Na haikuishia kwenye karatasi. Fundi rangi hakujua kusoma vizuri, kwa hiyo nilipanda juu ya meza, nikaichora ukutani kwa penseli, herufi kwa herufi, yeye akafuata na brashi. Kabula alipita na ndoo ya kumwagilia uwanja. Akaniuliza, "Umetuweka wapi?" Nikamwambia, "Tutawekwa chini, bado hatujamaliza." Uongo mwingine huo, na huo haukuagizwa na mtu. Wageni walipokuja nilipewa traksuti mpya. Ndiyo ile ya kijani uliyoikuta sandukuni ukaniuliza mbona siivai.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Ngumi zikahamishwa, hazikurudi. Riadha ikafa kimya kimya. Uwanja wetu wa netiboli ukamwagwa kokoto, yakaegeshwa magari. Lakini kabla ya hapo, katika mechi yetu ya mwisho, Kabula aliruka kudaka mpira wangu, akatua vibaya, goti likageuka. Nilisikia mlio wake. Mpira ulikuwa juu mno, niliurusha mimi, nao ni mchezo, hilo nimejisamehe. Lililofuata ndilo sijajisamehe.

Wachezaji wa klabu walikuwa wakitibiwa kambini. Kabula alitibiwa wiki chache, halafu wakasema anahitaji kupasuliwa Mwanza, aende ofisini apewe barua. Karani aliyekuwepo ni mgeni, ameletwa na Meja. Kabula alikwenda kwa fimbo, akaeleza kwamba yeye ni mchezaji wa Mkuki, idara ya netiboli. Karani akamwangalia. Akamwambia, "Mama, klabu hii ni ya mpira wa miguu. Haijawahi kuwa na netiboli. Kasome ukutani." Na Kabula, kwa ile adabu yake, akaenda kweli akasoma.

Unaona walichokifanya? Bado damu inanichemka! Walichukua mistari sita yangu wakamfungia nayo mlango mtu aliyepanda majani yao kwa magoti hayo hayo waliyokataa kuyatibu. Sajini Athumani alipokwenda kumsemea aliambiwa astaafu kwa amani. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nyumbani, nimejifungia, nikisubiri yapite.

Kabula alinifuata. Sikutegemea angeweza kutembea umbali ule. Alisimama mlangoni, hakuingia, hakukaa. Alisema, "Wande, mwandiko nimeujua. Mzuri kweli." Basi. Akageuka. Laiti angenitukana! Nilimtazama akienda mpaka akapinda kona, na sikumkimbilia, mimi niliyekuwa na magoti mawili mazima. Baadaye nikaolewa, nikaja huku Kharumwa, ukazaliwa wewe, na nikafikiri umbali utafanya kazi yake.

Sasa sikia. Sikukatazi kwenda. Ulipofaulu majaribio nilipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi, na vile vigelegele vilikuwa vya kweli. Una miguu ambayo Sajini angeilia machozi. Nenda ukacheze. Lakini utapenda kambi kama nilivyoipenda, naijua damu yako. Utapenda kengele. Utajifunza kusema "ndiyo afande," na mara nyingi itakuwa sawa, kwa sababu mara nyingi mtu anakwambia kimbia, au funga kamba za viatu. Mimi nilishindwa kutofautisha kati ya amri ya kufunga kamba na amri ya kumfuta mwenzangu. Zilitoka mdomo mmoja kwa sauti moja, nami nikazijibu kwa kisigino kimoja. Sijui nikufundishe vipi kuzitofautisha. Najua tu kwamba siku ile tumbo langu lilijua kabla yangu, nami nikalinyamazisha.

Juzi, baada ya wewe kurusha kijiko juu, nilitafuta namba ya Kabula. Nilizunguka kwa watu sita kuipata. Anaishi Songwa, anauza nyanya na vitunguu. Alipopokea nilimsalimu Kisukuma, "Mwadila, Kabula. Ni Wande."

Akauliza, "Wande wa ukutani?"

Nikasema ndiyo, huyo huyo. Nikamweleza yote: wewe, kukariri kwako, ile "mara ya kwanza katika historia." Niliongea mpaka sauti ikakatika. Nilisikia wateja wake wakiuliza bei. Nikamwomba msamaha. Hakunijibu hilo, na sina haki ya kumdai. Akauliza tu, "Binti anacheza upande gani?"

"Winga. Kulia."

"Ana kasi?"

"Anayo."

Akaguna. Kisha akasema, "Zile kurasa nne unazo?"

Ninazo, Minza. Zilizokatwa kwa wino mwekundu, nimezihifadhi kwenye bati la biskuti chini ya vitambaa miaka yote hii, kama mwizi anayehifadhi alichoiba bila kuthubutu kukitumia. Nakala yake nimeiweka ndani ya bahasha hii. Soma ukiwa ndani ya basi. Majina saba utayakuta ukurasa wa tatu, la Kabula la kwanza, la kwangu la mwisho.

Jumatatu utakapopangwa mstari na kuambiwa useme historia, sema unachoweza kusema. Ukisema ile mistari yangu sita kama ulivyoikariri, sitakulaumu, na usithubutu kuona haya. Simtumi mtoto kufuta nilichoandika mimi. Kufuta ni kazi yangu, na nimechelewa, lakini nakuja. Ijumaa ya wiki hiyo nitakuwa langoni na kurasa zangu, nitaomba kumwona mkuu wa klabu wa sasa, na Kabula atakuwa nami. Nitamwambia yale maneno manne niliyoyameza ofisini kwa Meja. Inawezekana wataniona mama mkorofi, na ukorofi wangu ukakuangukia wewe. Hilo limeninyima amani kuliko yote. Nimelipima huku na huku, na nimeona kwamba nikinyamaza tena kwa ajili yako, nitakuwa nimekufanya wewe ndiyo ile traksuti, malipo ya ukimya wangu. Kwa hiyo nakueleza mapema ili usishtuke, na ukinikasirikia, nikasirikie. Una haki.

Kabula alitoa sharti moja tu. Baada ya ofisini, anataka kuona mechi yenu ya kwanza jioni ile. Nikamwambia sasa hivi wana viti vya kukalia watazamaji, nitamtafutia kimoja, goti lake lipumzike. Akakasirika, mara ya kwanza kumsikia amepandisha sauti tangu tujuane.

"Kiti? Wewe Wande umesahau kila kitu? Mtoto anacheza, mimi nikae?"

Basi Ijumaa, ukiwa uwanjani upande wa kulia, tupa jicho penye mstari. Utaona wanawake wawili wamesimama, mmoja ana fimbo, mwingine amevaa traksuti ya kijani iliyopauka. Usitupungie mkono. Wewe kimbia, mwanangu, majani hayo tuliyapanda sisi.

Mama yako,
Wande, senta, Mkuki Netiboli